Paneli Sita Zenye Matundu

Paneli sita za kwanza kutengenezwa kwa mikono mjini Kahama nilizitengeneza mimi. Kama yupo aliyenitangulia, ajitokeze na kazi yake tuione. Nilizitengeneza uani kwangu, nyuma ya duka, juu ya meza ya kukatia vioo, na shule yangu iliishia darasa la nne. Wawili kati ya walimu walioniambia sitafika popote wamenunua sola kwangu, na niliwapunguzia bei.

Nasema hivi mapema ili msomaji asidhani haya ni majuto ya mtu aliyeshindwa. Sijashindwa. Nina duka la milango mitatu, nina stoo, na mzigo wangu ukifika Isaka makuli wananijua kwa sauti. Lakini paneli zile sita zilimnyima pumzi mtu mmoja, na mtu huyo ndiye aliyenivuta kutoka shimoni siku niliyofukiwa hadi kifuani. Kwa hiyo nitaeleza zilivyotengenezwa, na kosa langu liliingilia wapi.

Tulichimba pamoja upande wa Geita miaka saba, mimi na huyu mwenzangu. Alinizidi umri kama miaka kumi. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika nyundo na moko, ile patasi ya kupasulia mwamba, na kuusoma mwamba wenyewe. Dhahabu ya kwetu inapenda kulala ndani ya jiwe jeupe, lile linalong'aa kama chumvi ya mawe. Ukiona mshipa wa jiwe jeupe unaufuata, unakwenda nao chini, unaupiga. Jioni tulikuwa tunatoka tumepakaa vumbi jeupe mpaka kope, kama watu walioangukia gunia la unga. Tulikuwa tunachekana. "Leo umekuwa mzungu," ananiambia. Tunatema mate, tunaoga, kesho tena.

Na sheria yake kubwa ilikuwa hewa. Duara letu, maana ndivyo tunavyoliita shimo la kuchimbia, lilikuwa na mpira wa kuvuta hewa kutoka juu, na juu ya huo alitulazimisha kuchimba tundu la pili. Wenzetu wa jirani walituona tunapoteza siku. Wawili kati yao walizimia chini, tukawatoa sisi. Baada ya hapo hakuna aliyecheka. "Kitu kisichopumua kinakufa," alikuwa anasema, "kiwe mtu, liwe shimo." Maneno hayo niliyashika kuliko chochote nilichofundishwa na mwalimu mwenye chaki.

Mimi nilitoka mapema. Nilianza na tochi na betri za redio kwenye meza ya mbao, nikaenda kwenye sola ndogo za kuchajia simu, nikapanda. Yeye alibaki chini miaka mingine mingi, hadi kifua kikagoma. Walimtibu kifua kikuu kwanza, dawa akamaliza, kikohozi kikabaki. Baadaye daktari mmoja alimwuliza kazi yake, akampiga picha, akamwambia mapafu yamejaa makovu ya vumbi la mwamba. Makovu hayo hayaondoki. Akarudi kwao, kitongoji kimoja mbele ya Ushirombo, kwenye mahindi yake na ng'ombe wake wachache. Akapewa mashine ya hewa, kisanduku chenye magurudumu kinachovuta hewa ya chumbani, kinaichuja, kinampelekea puani kwa mrija. Aliambiwa aitumie saa nyingi kila siku. Mashine hiyo inakula umeme, na nguzo zilikuwa hazijafika kwao.

Hapo ndipo niliposema: huu mzigo ni wangu.

Mtu mwingine angechukua paneli stooni, akapakia kwenye gari, mambo yakaisha. Nilikuwa nazo za kutosha. Lakini mwaka huo nilikuwa nimetoka China.

Nilisafiri na wafanyabiashara wenzangu wa nguo na viatu. Wao walikwenda sokoni. Mimi nilisema sinunui ng'ombe bila kuliona zizi, nataka kuona sola inapozaliwa. Aliyenitafsiria alikuwa binti wa Kitanzania anayesoma huko, mpole, mwenye kucheka kwa kuficha mdomo. Kiwandani walitukalisha kwanza kwenye chumba cha wageni na kutuonyesha video ya kazi za awali, maana pale kwao wanafanya kazi ya mwisho tu.

"Baba, kwa kifupi sola ni mawe," aliniambia.

"Mawe gani?"

"Meupe. Yale yanayong'aa kama chumvi."

Nikamwambia asimamishe video, nikamwuliza tena. Jiwe jeupe nililipiga moko ujana wangu wote. Tukishalisaga na kuitoa dhahabu, lililobaki tunalimwaga kama takataka. Huku kwetu watu wanagombania magwangala, yale mabaki yanayotupwa na migodi mikubwa, wakitafuta chembe iliyosahaulika. Sijawahi kuona mtu anagombania jiwe lenyewe.

Nikaangalia video kwa macho mengine. Jiwe linayeyushwa pamoja na makaa kwenye tanuru la umeme. Makaa yanalinyang'anya jiwe hewa iliyofungwa ndani yake, inabaki kitu cha kijivu, king'avu. Hicho bado ni kichafu. Wanakigeuza kuwa mvuke, wanauchuja, wanaurudisha kuwa kigumu, na usafi wanaoutaka wao, sonara wa kwetu angeacha kazi. Kisha wanakiyeyusha tena kwenye chungu, wanachovya kipande kidogo na kukivuta juu taratibu huku kinazunguka, kama mtu anayevuta ndoo kisimani bila haraka. Kinachopanda ni gogo refu kuliko mimi, lote fuwele moja. Gogo linakatwa kwa waya mwembamba kama unywele, linatoa vipande vyembamba kama kadi. Vinatiwa dawa ili upande mmoja uwe na ziada ya umeme na mwingine uwe na kiu yake. Vinapakwa rangi ya buluu iliyokoza ili jua lisirudishwe, na juu yake vinachorwa mistari myembamba.

"Mistari ya nini hiyo?"

"Fedha, Baba."

"Fedha kweli, ya pete?"

"Ya pete."

Nikasogeza kiti karibu na video.

Kabla ya kuingia ukumbini tulivishwa makoti meupe, mifuko ya viatu, barakoa, na kofia ya kuzuia nywele zisianguke. Mimi nina upara. Nilivishwa kofia hivyo hivyo, na binti akageukia ukutani kucheka. Ndani, wanawake waliofunikwa mpaka macho walikuwa wanasimamia mashine zinazoshona vile vipande kwa utepe wa shaba, kimoja baada ya kingine, kama shanga. Misururu hiyo ya vipande inalazwa juu ya kioo kilichotandikwa karatasi laini ya plastiki, inafunikwa plastiki nyingine na mgongo mweupe, halafu vyote vinaingia kwenye mashine kama jeneza pana. Inafungwa, inanyonya hewa yote, inapasha moto, plastiki inayeyuka na kushikana na kioo mpaka vinakuwa kitu kimoja. Ndipo vinawekewa fremu ya alumini, na kila paneli inamulikwa mwanga mkali mara moja, inapimwa, inabandikwa namba yake.

Nilisimama kwenye ile mashine ya kunyonya hewa. "Mwulize mhandisi, hewa wanaitoa ya nini?"

Mhandisi alieleza kwa muda mrefu, akichora kwenye kiganja. Binti akanitafsiria kwa kifupi: "Anasema hewa ndiyo adui. Hewa ina maji."

Nilicheka. Nikamwambia, "Mwambie huyu bwana hajawahi kushuka duarani." Sidhani kama alimwambia. Alimwambia kitu fulani, mhandisi akainama kwa heshima, nami nikainama.

Mimi nikiona kazi mara moja nimeijua, hilo hata wanaonichukia wanakubali. Niliondoka na maboksi ya vipande vya daraja la chini, na utepe wa shaba. Kahama nikanunua vioo vya madirisha na alumini kwa fundi wa jirani, nikanunua gundi ya mafundi vioo na risasi ya mafundi redio. Vile vipande vinavunjika kama kaukau. Nilivunja vingi kabla mkono haujatulia, halafu ukatulia. Thelathini na sita kwa kila paneli, nimechomelea mwenyewe, miwani puani. Nikazitoa juani, nikapima kwa mita. Zilisoma. Nilimwita kila aliyepita nje aje aone mshale ulivyosimama.

Mashine ya kunyonya hewa sikuwa nayo, wala sikuitaka. Niliwaza hivi: wao wanazifunga kabisa kwa sababu kwao kuna baridi. Huku kwetu jua la saa saba lingezipasua, na kitu kisichopumua kinakufa. Kwa hiyo chini ya fremu ya kila paneli nilitoboa matundu mawili, upana wa msumari, nikayawekea wavu wa chandarua wadudu wasiingie. Matundu yale ndiyo yaliyonipa fahari kuliko kazi yote. Nyuma niliandika jina langu kwa rangi.

Siku ya kuzipeleka nilisimama Ushirombo kwa mama mmoja mwenye duka la sola, ambaye zamani alikuwa anachukua mzigo kwangu na sasa anachukua kwingine. Nilimshushia paneli moja kauntani.

"Za kwako hizi zimenyongwa," nilimwambia. "Hazina pa kupumulia. Angalia kazi ya mwanaume."

Akainama kuyatazama matundu. "Na mvua je, baba?"

"Mvua inaanguka kutoka juu, mama. Matundu yako chini."

"Haya," akasema. "Mimi acha niuze zilizonyongwa."

Kiangazi chote zilifanya kazi. Hilo lazima niliseme, maana ni kweli. Mashine ilinguruma, betri zilijaa, mwenzangu akapata rangi. Nilipokwenda kumwona nilimkuta amesimama zizini anamgombeza ndama. Kitongoji kizima kilikuja kutazama jina langu nyuma ya paneli, hata walionihesabu mtoro wa shule.

Mvua zilipoanza, mkewe alinipigia simu. "Shemeji, mashine inalia. Inawasha taa nyekundu halafu inazima."

"Ni vumbi. Panda ufute paneli."

"Vumbi gani, shemeji, na mvua imenyesha siku tatu?"

Nikasema basi ni betri, nikatuma betri mpya kwa basi. Siku ya nne akapiga tena, na safari hii hakunisalimia. "Mashine haijawaka tangu jana. Mwenzako analala ameketi. Njoo."

Nilifika kabla ya saa nne asubuhi. Alikuwa ameketi mlangoni, ameegemeza viwiko kwenye meza, mabega yanapanda na kushuka. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Nilimsalimia shikamoo, akaitikia kwa kuinua kidole. Nilitaka kumpakia kwenye gari nimpeleke hospitali hapo hapo. Akakataa kwa mkono.

"Hospitali," alisema, akapumzika, "watasema rudi kwenye mashine."

Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake na khanga imefungwa kiunoni kama mtu anayengoja ugomvi. "Nimempa mpaka saa nane," aliniambia. "Mashine isipowaka saa nane anapanda gari, atake asitake. Na wewe shemeji, panda huko juu uniambie ukweli."

Nilipanda. Jua lilikuwa limetoka, kali, la kutosha sola yoyote. Ndani ya vioo vyangu kulikuwa na matone, mengi, yamejipanga kama chini ya mfuniko wa sufuria ya wali. Utepe wa shaba ulikuwa umeota kijani. Mistari ya fedha imekuwa kahawia. Mvua haikuwa imeingia kwa matundu, mama wa Ushirombo naye alikosea hapo. Ilikuwa ni hewa yenyewe. Usiku paneli inapoa, inavuta hewa yenye unyevu kupitia matundu yangu. Mchana inapata moto, hewa inatoka, maji yanabaki. Inapumua, kama nilivyotaka. Kila pumzi inaacha tone.

Nilipima moja moja. Nne zilikuwa zimekufa. Mbili zilitoa umeme wa kuchajia simu.

Kurudi Kahama kuchukua mzigo wangu na kupanda tena, na barabara ya kitongoji imelowa vile, nisingewahi saa nane. Ushirombo ilikuwa karibu. Nilikaa juu ya bati dakika nzima nikitafuta njia nyingine. Kutoka pale nilimsikia akikohoa chini yangu, kikohozi kile kifupi cha mtu anayebana matumizi ya hewa. Nikashuka.

Mama wa duka alikuwa anachambua mchele. Aliniona, akaona tope kwenye suruali yangu.

"Karibu, baba."

"Nataka paneli sita. Kubwa."

"Zipi? Hizi zilizonyongwa?"

"Hizo hizo."

"Na kazi ya mwanaume?"

"Imekufa," nilisema. "Na mgonjwa anaitegemea. Nina mpaka saa nane."

Akaweka ungo chini. Hakusema neno jingine la kejeli, na nafasi alikuwa nayo. Alifunga duka, akapanda nyuma ya pikapu na paneli zake, akazishikilia njia nzima zisigongane, akiwa ameketi juu ya gurudumu la akiba na mtandio umefungwa kidevuni. Kwenye korongo gari lilikwama, akashuka kusukuma. Kule alipanda ngazi kabla yangu. Nitasema hili japokuwa linaniuma: anafunga waya haraka kuliko mimi.

Saa saba na nusu mashine ililia mara moja, taa ikawa kijani, ikaanza kunguruma. Mkewe alimvalisha mrija puani na kukaa chini sakafuni. Sote tulikuwa tunayatazama mabega ya mgonjwa. Taratibu yakaanza kushuka.

Baadaye kidogo akanionyesha zile paneli zangu tulizoziegemeza ukutani. "Lete moja." Nikamletea. Aliipapasa, akaigeuza, akasoma jina langu, kidole chake kikafika kwenye tundu lenye chandarua.

"Hili la nini?"

"Ili ipumue."

Akanitazama. "Nani alikuambia sola inapumua?"

"Wewe. Kitu kisichopumua kinakufa."

Alianza kucheka, akakohoa, mkewe akamkemea, akacheka tena chini chini. "Mtu, nilisema. Na shimo. Sola nilisema lini? Wa kupumua ni mimi, ng'wanawane, mwanangu, hiyo iache."

Siku hiyo nilikaa naye hadi alasiri. Nilimweleza kiwanda chote, jambo ambalo kabla nilikuwa naona kama la kujisifia tu kwa wateja. Nilipofika kwenye jiwe jeupe aliniambia nirudie. Nikarudia.

"Lile letu?"

"Lile letu."

Aliangalia juu, kwenye paneli, ingawa kutoka pale mlangoni zilikuwa hazionekani. Halafu akauliza jambo ambalo sikulitegemea. "Hao wanawake wa kiwandani, ulisema wamefunikwa. Wanaogopa vumbi la jiwe?"

Nilifikiri kwanza. "Hapana. Wanafunikwa ili vumbi lao, nywele zao, mate yao, visiliguse jiwe. Jiwe likichafuka linaharibika."

"Wanalikinga jiwe na watu."

"Ndiyo."

Mrija ulitoa sauti yake ndogo. "Basi jiwe hilo lina bahati," alisema, na kumwomba mkewe uji.

Bado yupo. Hatapona, anajua, nasi tunajua, lakini ndama bado wanagombezwa. Paneli yangu moja kati ya zile mbili zenye uhai kidogo aligoma nisiiondoe, inamchajia mkewe simu. Nyingine niliirudisha Kahama nikaitundika dukani, nyuma yangu, matone yakiwa yamekauka na kuacha madoa, matundu yakionekana. Wateja wakiuliza, nawaeleza mwanzo hadi mwisho, pamoja na sehemu ya kusukumiwa gari na mama wa Ushirombo. Wengi wananunua baada ya hapo. Mfanyabiashara mwerevu huuza hata kosa lake.

Wachimbaji wanaonunua kwangu nawapa na barakoa nzito za vumbi, bure, na kuwaambia wamwagie mwamba maji kabla ya kuupiga. Wanacheka. Wanazivuta kidevuni, wanazitundika shingoni. "Mzee, hii inanibana, inaninyima hewa," wananiambia, na mimi nawaelewa kabisa, maana ndivyo nilivyowaza mwenyewe. Hapo naigeukia paneli ya ukutani, nawaonyesha yale matundu mawili yenye chandarua, nawaambia si kila hewa inakutakia mema.

Wengi wanaondoka nazo mfukoni. Wiki iliyopita nilipita machimboni kufunga sola kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe. Nilihesabu wawili wamezivaa sawasawa, puani na mdomoni, nyeupe pembeni kwa vumbi.